Mgonjwa wa saratani ya damu yuko nyumbani na chembe nyeupe zimeshuka: tupime nini, na nani aamshwe usiku?

Sista_Ratibu

Wakuu, salaam. Tunaandaa utaratibu wa kufuatilia wagonjwa wa saratani ya damu wakiwa makwao kati ya dozi moja ya kemo na nyingine. Kwa kuanzia ni 18. Wengi ni limfoma wa CHOP (mchanganyiko wa dawa za kemo pamoja na prednisoloni), kila siku 21. Watatu ni mailoma wanaomeza deksamethasoni kila wiki, na wawili ni lukemia waliomaliza awamu ya kwanza, mmoja bado ana kateta (mrija) ya mshipa mkubwa. Wa karibu yuko dakika 40 kutoka hospitali, wa mbali ni saa 4 kwa basi, na usiku basi hakuna.

Vifaa tulivyonavyo: vipimajoto vya kawaida vya kidijitali, vipimo vya oksijeni vya kidole, na mashine za presha za kufunga juu ya kiwiko. Kuna mfadhili anataka kutupa pia saa za mkononi zinazopima mapigo na joto la ngozi mfululizo, zinatuma kwa Bluetooth kwenye simu, simu inatuma kwenye seva.

Kijana wetu wa kompyuta anapendekeza kengele ifuate alama za NEWS2 (joto, mapigo, pumzi, presha, oksijeni na fahamu vinapewa pointi, kisha zinajumlishwa) kwa kuwa wodini tunazitumia: jumla ikifika 5, simu ya zamu inalia. Naona kuna kitu hakijakaa sawa. Naomba ushauri kwenye viwango vya kengele, mara ngapi kwa siku, na kama hizo saa zina maana.

Dkt_Karatasi_ya_FBP

Hakijakaa sawa kweli. NEWS2 ilitengenezwa na chuo cha madaktari bingwa cha Uingereza kwa wagonjwa wa wodi za kawaida, na kwenye hesabu yake joto ni mchangiaji mdogo. Chukua mifano miwili ya kutunga.

Wa kwanza, siku ya 9 baada ya CHOP: joto la mdomoni 38.6, mapigo 88, pumzi 18, presha ya juu 118, oksijeni 97, yuko timamu. NEWS2 yake ni 1. Simu hailii, watu wote wanalala. Huyu kwetu ni dharura kamili, anatakiwa awe na antibayotiki ya mshipani ndani ya dakika 60 tangu afike kituoni.

Wa pili, siku hiyohiyo: joto 37.6, mapigo 106, pumzi 22, presha ya juu 104, oksijeni 95. Jumla ni 5. Familia inasema "hana homa", kumbe alimeza panadol saa mbili zilizopita kwa ajili ya kichwa. Huyu NEWS2 inamkamata vizuri, kipimajoto peke yake kingemkosa.

Kwa hiyo weka njia mbili zinazojitegemea, yoyote ikiguswa simu inalia. Usizijumlishe.

Njia ya joto: 38.3 mara moja tu inatosha. 38.0 hadi 38.2 inarudiwa baada ya saa moja, na ikibaki hapo au kupanda, safari. Lakini kwa yule wa saa 4 usimpe hiyo saa moja ya kusubiri, 38.0 ya kwanza ndiyo aanze kutafuta gari. Chini ya 36.0 mara mbili kwa mtu anayejisikia vibaya ni hatari sawa na homa, na mara nyingine ni mbaya zaidi. Baridi ya kutetemeka hadi meno yanagongana: anakuja hata kama kipimajoto kinasema 36.9, kwa sababu joto hupanda baada ya kutetemeka. Kwa mwenye kateta muulizeni swali moja la ziada: je, kutetemeka kulianza muda mfupi baada ya kusafishwa au kuwekewa dawa kwenye mrija? Jibu likiwa ndiyo, mshtakiwa wa kwanza ni mrija wenyewe, na sampuli ya damu ya kuotesha bakteria itoke kwenye mrija na kwenye mkono pia.

Njia ya mwili: pumzi 22 au zaidi, presha ya juu chini ya 100, oksijeni 94 kushuka chini, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, au mapigo yaliyozidi kawaida yake mwenyewe kwa 20 baada ya kupumzika dakika 10. Nasisitiza *kawaida yake*. Mtu mwenye hemoglobini 7 (damu imepungua sana) mapigo yake ya kila siku ni 100 na kitu. Mkiweka kengele ya 100 kwa wote, atawalilia kutwa na baada ya wiki mtazima sauti. Pimeni asubuhi tatu kabla ya kemo, si siku ya 1 hadi 5 ya CHOP wakati amebugia prednisoloni miligramu 100, kisha mchukue namba ya katikati.

Mara ngapi: kwa CHOP kubaneni siku ya 7 hadi ya 14, ndipo chembe nyeupe zinapokuwa chini kabisa. Hapo mara tatu kwa siku, na wakati wowote akijisikia tofauti. Siku nyingine asubuhi na jioni zinatosha. Wale wa lukemia hawana dirisha, kwao ni mara nne kila siku hadi nutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) zipande.

Halafu somesheni kusoma karatasi ya damu, maana nimeona watu wanaangalia asilimia. NEUT% ya 30 inaonekana si mbaya, lakini kama WBC (chembe nyeupe zote) ni 1.2, nutrofili halisi ni 0.36, tayari iko chini ya 0.5, yaani kwenye hatari. Namba ya kuingiza kwenye mfumo ni NEUT# (idadi), si NEUT%.

Fundi_Vipimo

Naongezea upande wa vifaa, kwa sababu viwango vya daktari vina maana kama kipimo ni cha kweli.

Kipimajoto. Kwapani kinasoma chini kuliko mdomoni, mara nyingi kama nusu nyuzi. Msimwambie mgonjwa "ongeza 0.5", ataongeza leo, kesho atasahau, na mtu wa zamu hatajua kipi ni kipi. Aandike alichokiona na sehemu aliyopima, kengele ya kwapani iwe 37.5 ikimtaka arudie mdomoni. Vipimajoto vingi vya bei ndogo hulia "pii" kabla joto halijatulia. Kwapani akifute jasho kwanza, akibane dakika 5 hata kama kimeshalia. Mdomoni, chini ya ulimi pembeni, nusu saa baada ya chai au maji ya baridi. Mwenye vidonda vya mdomo abaki na kwapa. Njia ya haja kubwa ni marufuku kabisa, kwa joto na kwa vidonge vya kuingiza: ngozi ya pale ikichubuka wakati nutrofili hazipo, bakteria wa utumbo wana mlango. Zile bunduki za paji la uso ziacheni getini. Jasho, feni na jua la mchana vyote vinazidanganya.

Kabla ya kugawa, weka vipimajoto vyote ncha zikiwa kwenye kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu ya kama nyuzi 38, pamoja na kile mnachokiamini cha wodini. Kinachotofautiana zaidi ya 0.2 kirudi sandukuni. Na angalia kitufe: vingine mtoto akikibonyeza kwa muda kinahamia Farenhaiti. Mkiona 100.4 kwenye fomu, hiyo ni 38.0, msiitupe kama kosa la kuandika. Mfumo ukatae namba isiyo kati ya 34 na 42, lakini ukiikataa upige kengele ya "rudia".

Kipimo cha kidole. Kwenye ngozi nyeusi huwa kinapandisha oksijeni. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 uliwalinganisha wagonjwa na kipimo cha damu ya mshipa wa ateri: oksijeni ndogo iliyofichwa na kidole ilionekana karibu mara tatu zaidi kwa weusi kuliko weupe. Ndiyo maana ningepandisha kengele ya "piga simu" hadi 95 badala ya 94 ya daktari, hasa kama kawaida yake ni 98. Mwenye rangi ya kucha aifute. Mwenye piko achague kidole kisichochorwa, au sikio kama kifaa kinafaa. Mikono ya baridi ipashwe. Asome baada ya sekunde 30, namba ikiwa imetulia, na si ile ya kwanza kutokea. Na 98 kwa mtu mwenye hemoglobini 5 haimaanishi ana oksijeni ya kutosha. Maana yake ni kwamba hicho kidamu kidogo alichonacho kimejaa.

Presha: mkono usio na mrija. Kamba iwe saizi yake, ndogo kwenye mkono mnene inapandisha presha na kuficha kushuka. Mwenye chembe sahani (za kugandisha damu) chini ya 20,000, mashine ya kujibana yenyewe inamwachia madoa mekundu mkono mzima. Apimwe mara moja kwa siku au akijisikia vibaya tu.

Pumzi ndiyo kipimo kisicho na gharama na ndicho kinachoandikwa uongo kuliko vyote. Fomu zinakuja na 20, 20, 20, 20. Ahesabu mtu mwingine, dakika nzima, akitazama tumbo, bila kumwambia mgonjwa, maana ukimwambia tu anaanza kupumua kwa adabu. Kwenye programu wekeni kitufe kinachoguswa kila tumbo linapopanda kwa sekunde 60, namba itoke yenyewe. Mtu hawezi kubuni kwa urahisi.

Sasa saa za mfadhili. Saa ikituma usomaji kila dakika, mtu mmoja ana 1,440 kwa siku, na 18 wana 25,920. Hakuna muuguzi wa kutazama hizo. Joto la kifundo cha mkono ni la ngozi, liko nyuzi kadhaa chini ya la ndani, na Dar mwezi wa pili au chini ya blanketi linapanda bila ugonjwa wowote. Msiliwekee kengele ya 38, halitafika. Kinachofaa kwenye saa ni mapigo ya usingizini: chukua dakika 10 zilizo tulivu kuliko zote kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, linganisha na usiku tano zilizopita. Yakipanda kwa 10 au zaidi, saa haimpigii daktari. Inamwambia mgonjwa "pima joto sasa". Kwa hiyo saa ni ya kumkumbusha, kipimajoto ndicho cha kuamua. Mkanda uachie nafasi ya kidole kimoja, ufutwe kwa spiriti ya 70% kila siku, na uhamishwe mkono. Mchubuko chini ya mkanda kwa mtu asiye na nutrofili ni tatizo mlilolileta ninyi.

Kijana_wa_Seva

Mimi si yule wa kwa sista, lakini naona mtego ulipo. Mambo manne yatakayowaumiza kwenye programu:

Simu nyingi za Android za bei ya chini zinaua programu zinazofanya kazi nyuma ili kuokoa chaji. Leo inatuma, kesho kimya, hakuna anayejua. Siku ya kugawa, nenda mwenyewe kwenye mipangilio ya betri uitoe programu kwenye orodha ya kuzimwa. Kwenye Android ya 6 hadi 11, Bluetooth ya kutafuta vifaa inadai pia ruhusa ya mahali. Mtu akiikataa kwa kuogopa kufuatiliwa, saa haitaonekana na ataambiwa "imeharibika".

Mtandao ukikatika, vipimo vinakaa kwenye simu halafu vinamiminika pamoja. Kama seva inaandika muda wa *kufika* badala ya muda wa *kupima*, homa ya saa 8 usiku itaonekana ni ya saa 3 asubuhi, na mtu wa zamu atasema "mbona tumepokea sasa hivi". Hifadhi muda wote miwili, na ikipishana zaidi ya dakika 30 ionyeshwe kwa rangi.

Saa yenyewe: mgonjwa akiandika "3:00" anamaanisha nini? Saa tatu asubuhi, saa tatu usiku, au saa tisa kwa mshale wa simu? Usimpe nafasi ya kuandika. Muda uchukuliwe na simu, au aguse alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Na la nne, ambalo mifumo mingi inalisahau: kimya ni kengele. Mtu anayeanza kuzidiwa ndiye huyohuyo anayeacha kupima. Kipimo cha jioni kikichelewa saa 2, apigiwe yeye. Asipopokea, apigiwe namba ya pili, na hiyo iwe ya mtu anayelala nyumba moja naye, si mjomba aliyeko mjini.

Jina na namba ya simu visikae jedwali moja na vipimo. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, Kenya ya 2019, na taarifa za afya ni nyeti kwa zote mbili. Kundi la WhatsApp lenye picha za karatasi za damu na majina kamili mlifunge kabla hamjaanza.

Sista_Ratibu

Asanteni sana, hasa hiyo ya NEWS2 kutoa 1. Mbili zimebaki. Moja, akifika zahanati na homa wanampima malaria. Kikiwa chanya wanampa dawa mseto wanamrudisha nyumbani. Mbili, panadol. Huwezi kumwambia mtu mwenye maumivu ya mifupa asimeze kitu.

Mfamasia_wa_Zamu

Kipimo cha haraka cha malaria kinachotafuta HRP2 (protini ya vimelea vya malaria) hubaki chanya wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo chanya inaweza kuwa ya mwezi uliopita. Na hata ikiwa malaria ya kweli, haiondoi bakteria. Kwa mwenye nutrofili chini ya 0.5, au anayetarajiwa kufika hapo ndani ya siku mbili, vyote vinatibiwa: dawa ya malaria kama kipimo ni chanya *na* antibayotiki ya mshipani, palepale.

Hili haliwezi kuachwa kwa maelezo ya mdomo ya mgonjwa anayetetemeka. Mpeni kadi ngumu ya kutembea nayo, mistari michache: anatibiwa kwa kemo, tarehe ya dozi ya mwisho, homa kwake ni dharura, antibayotiki ndani ya dakika 60, usisubiri majibu ya FBP (hesabu kamili ya damu), chukua damu ya kuotesha kwanza kama chupa zipo, zisipokuwepo usichelewe, hakuna sindano ya msuli, aleji, namba ya zamu. Nyuma muandike dawa. Penye piperasilini-tazobaktamu ni gramu 4.5 kila saa 6, au sefepime gramu 2 kila saa 8. Hospitali ya wilaya mara nyingi haina hata moja. Hapo mkubaliane *mapema* na mganga mfawidhi kuhusu dozi ya kwanza kabla ya rufaa: seftriaksoni gramu 2 pamoja na amikasini miligramu 15 kwa kilo. Seftriaksoni peke yake haimgusi bakteria Pseudomonas, na huyo ndiye anayeua kabla ya asubuhi. Wale wenu watatu wa mailoma, angalieni kreatinini (kipimo cha figo) kabla ya kuwaandikia amikasini kwenye kadi. Figo zao mara nyingi zimeshaguswa, na wao kadi yao iwe tofauti. Ni maamuzi ya daktari wenu, lakini yafanywe mchana mezani, si saa 9 usiku kwenye simu.

Panadol: sheria si "usimeze", ni "pima kwanza, andika, ndipo umeze". Ikiwa joto limegusa kiwango, hamezi, anapiga simu. Kwenye fomu wekeni swali moja kabla ya joto: "umemeza dawa yoyote ya maumivu au mafua ndani ya saa 6?" Dawa za mafua za dukani nyingi zina parasetamoli ndani na mtu hajui. Akijibu ndiyo, mfumo usiiamini namba ya joto iliyo chini ya kiwango, utazame mapigo na pumzi. Diklofenaki na ibuprofeni zikae mbali, kwa chembe sahani na kwa figo.

Wale wa deksamethasoni, siku ya dozi na inayofuata joto lao halina maana kubwa, kwa sababu dawa hiyo hufunika homa. Ningewawekea swali la pumzi na la kutetemeka kila siku, na kengele ya joto 37.8.

Simu_ya_Zamu

La lugha, kwa sababu fomu nyingi zimetafsiriwa ofisini. "Una homa?" ni swali bovu. Kwa wengi homa ni kuumwa tu, na kwingine ni malaria. Atajibu "ndiyo" kwa uchovu au "hapana" kwa sababu kipimo cha malaria kilitoka hasi. Uliza "mwili umekuwa wa moto?", "umetetemeka kwa baridi?" Vilevile "presha imepanda" mara nyingi ni moyo kudunda, na kwa mgonjwa huyu moyo kudunda unaweza kuwa presha *inashuka*. Usirekodi neno, omba namba.

Simu ya zamu isiwe ya sista. Ikae wodini kwa msimamizi wa zamu, ikabidhiwe kwenye kitabu kama funguo za kabati la dawa. Mgonjwa asiye na salio anabipu, anarudishiwa ndani ya dakika 10; ikipita, mfumo umpigie daktari wa zamu moja kwa moja. Mara moja kwa mwezi pigeni wenyewe saa 8 usiku bila taarifa, mhesabu dakika hadi mtu apokee na kusoma maswali ya kadi.

Na yule wa saa 4: dereva wa bodaboda au wa probox awe amepatikana, namba yake iko kwenye mfumo, nauli ya kwenda wilayani imetengwa kwenye laini ya M-Pesa ya programu. Usiku asije kwenu, aende wilayani kwenye dozi ya kwanza, rufaa ifuate kukicha.

Sista_Ratibu

Tumeelewana. Namrudishia kijana kazi: njia mbili badala ya NEWS2 peke yake, muda wa kupima, na kengele ya kimya. Dkt na Fundi, kwenye oksijeni nachukua 95 ya kupiga simu na 92 ya kuondoka hapohapo. Kuna anayepinga?

Dkt_Karatasi_ya_FBP

Sipingi, Fundi yuko sahihi kwenye ngozi. Ila ongeza: ikishuka pointi 3 kutoka kawaida yake, hata kama bado ni 96, apige.